Kamba ilikatika, sawa. Swichi ya juu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie sentensi moja ambayo huniuma kila nikiisoma: “Kamba ya winchi ilikatika.” Habari huishia hapo, kana kwamba kamba ya chuma ina utashi wake. Mimi ni fundi umeme wa winchi. Kamba huchakaa, sikatai, na zipo zinazokatika kwa uchakavu. Ila niliyoishuhudia mimi ikikatika haikuwa na hata miezi miwili, na ndoano ilikuwa tupu.

Ilikuwa Jumatatu. Jana yake mafundi wengine walikuja kubadilisha nyaya kubwa zinazoleta umeme karakanani. Walipomaliza wakawasha taa, zikawaka, wakaenda zao. Asubuhi mwendesha winchi akabonyeza kitufe cha kushusha, ndoano ikapanda. Akacheka, akaniita: “Fundi, njoo uone, winchi yako leo imelewa!” Nikajua mara moja kuwa fezi mbili, yaani nyaya mbili kati ya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, zimebadilishana nafasi, maana mota ya fezi tatu ukiigeuzia mbili huzunguka kinyume. Nikamwambia asiiguse, nikaenda kuchukua bisibisi. Kosa langu liko hapo: ningezima kwanza swichi kuu. Mwenzangu aliona ni jambo dogo, kwamba leo chini ni juu, basi. Toroli lilikuwa linakuja, akabonyeza “chini” ili ndoano ipande ilipishe.

Winchi ile ilikuwa na kinga ya kuzuia ndoano isipande kupita kiasi, ndiyo swichi ya juu. Ni chuma kizito kinachoning’inia kwa minyororo miwili chini ya ngoma inayozungushiwa kamba, kimeizunguka kamba. Kapi la ndoano likifika juu hukinyanyua, swichi hufunguka na kukata umeme, winchi husimama. Siku ile kapi lilikinyanyua barabara, na mlio wa swichi, tak, niliusikia kwa masikio yangu. Ilikata waya wa kitufe cha juu, kama ilivyofungwa kufanya. Lakini kilichokuwa kimebonyezwa ni kitufe cha chini, na waya wake haupiti kwenye swichi hiyo. Mota ikaendelea kuvuta. Kapi likagota kwenye ngoma, kamba ikalia mara moja, na kapi pamoja na ndoano vikaja chini vikachimba sakafu ya zege. Msukuma toroli alikuwa hajafika pale kwa hatua tatu hivi.

Watu huniuliza kamba inakatikaje bila mzigo. Kapi likishagota, kamba haishindani tena na uzito wa mzigo, inashindana na nguvu ya mota. Na winchi yetu haikuwa na kifaa cha kuhisi uzito kuzidi, ambacho pengine kingeiokoa.

Ndiyo maana winchi za kisasa nyingi hufungwa swichi mbili. Ya kwanza huwa ya gia, imeunganishwa na ngoma na huhesabu mizunguko yake. Ya pili hukaa juu zaidi, huguswa na kapi lenyewe na kukata umeme wote wa kunyanyulia, haijali ni kitufe kipi kimebonyezwa. Ukiongeza relei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe kwa umeme, ya kukagua mpangilio wa fezi, winchi haiwaki kabisa nyaya zikigeuzwa. Ile ya gia nayo ina upofu wake: haioni ndoano, inaona ngoma tu. Badilisha kamba, ufunge fupi kuliko ya zamani, usiirekebishe swichi, na kapi litagota huku yenyewe bado inahesabu.

Lakini mashine niiweke kando, nirudi kwetu sisi watu. Waendesha winchi wengi huitumia swichi ya juu kama breki. Kidole hakitoki kwenye kitufe mpaka ijikate yenyewe, mara hamsini kwa siku. Kontakti, vile vyuma vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme, zinaungua, springi inalegea, na siku inapohitajika kweli haipo. Nimewahi pia kukuta kile chuma kimefungwa juu kwa waya wa kufungia nondo, ili ndoano ipande sentimita chache zaidi mzigo uvuke juu ya mashine. Aliyekifunga hakujitaja mpaka leo.

Kuijaribu ni kazi ya dakika moja. Mwanzo wa zamu, ndoano tupu, hakuna mtu chini. Kwanza bonyeza kushusha kidogo, uone kama kweli inashuka. Kisha ipandishe polepole, kwa kugusagusa kitufe, hadi ijikate. Isipojikata, acha, ita fundi. Usijaribu na mzigo; swichi ikiwa imekufa, utakachokijaribu ni kamba. Msimamizi mmoja aliniambia haya ni mambo ya kupoteza muda. Nikamwonyesha kanuni ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, namba 1910.179, kuhusu kreni za juu: inataka swichi ya juu ijaribiwe bila mzigo mwanzoni mwa kila zamu, na inakataza kuitumia kama kidhibiti cha kazi za kawaida. Akasoma, akanirudishia karatasi, akasema sisi hatuko Marekani. Ndoano nayo, nikamjibu, haijui iko wapi.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako wakitumwa tena kwenye ajali ya winchi, nawaomba waulize maswali mawili zaidi: swichi ya juu ilijaribiwa lini mara ya mwisho, na nani aligusa nyaya za umeme wiki hiyo?

Wako,
Fundi umeme wa winchi