Mkataba wa Theluji: Nitie Saini au Niuache?

Ndugu Mshauri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wako ili nieleze jambo linalonitatiza, yaani kama nitie saini mkataba wa kuondoa theluji, nikiamini kwamba miongoni mwa wasomaji wako waliotapakaa Ulaya na Amerika Kaskazini wamo waliowahi kuendesha kazi kama yangu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na kwa sasa ninaishi na mke wangu na watoto wetu katika kitongoji kilicho kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Nina kampuni ndogo ya kutengeneza na kutunza bustani: tunakata nyasi, tunapanda maua na vichaka, tunaweka matandazo, tunajenga kuta fupi za mawe na vijia vya matofali. Wafanyakazi wa kudumu ni wawili, shemeji yangu na kijana mmoja wa Bukavu, na msimu unapopamba moto huwa ninaongeza vibarua.

Anayeijua Minnesota ataelewa tatizo langu kabla sijalimaliza. Mwezi wa Oktoba baridi ya kugandisha huwa imekwisha kuingia, na tukishazoa majani yaliyopukutika na kupuliza maji yote yatoke kwenye mabomba ya kumwagilia kwa kompresa, ili yasije yakapasuka kwa barafu, hatuna tena la kufanya. Ardhi huganda kwa kina ambacho mtu wa nyumbani hawezi kukidhania. Kanuni za ujenzi za eneo hili hutaka misingi ishuke inchi 42, yaani zaidi ya mita moja, ili isiinuliwe na barafu. Sululu haiingii. Hali huwa hiyo hadi Aprili, na hata hapo mwenye busara hapandi maua laini kabla ya katikati ya Mei.

Watu wengi hudhani kwamba mwezi mgumu kwangu ni Januari, kumbe ni Aprili. Januari nimejiandaa nayo, na mshahara wa mke wangu, ambaye ni muuguzi, hutuvusha. Lakini Aprili ndipo ninapotakiwa kununua mbegu, mbolea, matandazo na mafuta, kutengeneza mashine, kulipa bima ya mwaka na kuwarudisha watu kazini, wakati ambapo mteja wa kwanza hajanilipa hata senti na akiba imekwisha kuliwa na mkopo wa pikapu pamoja na kodi ya ghala. Juu ya hayo lipo suala la watu. Kila Desemba huwa ninawasimamisha kazi wafanyakazi wangu kwa muda, nao huomba mafao ya kukosa kazi, jambo ambalo ni haki yao, ila mafao hayo huhesabiwa dhidi ya mwajiri na kiwango cha kodi ninayotozwa hupanda. Mwaka jana fundi wangu mzuri kuliko wote wa kupanga mawe alipata kazi katika ghala moja kubwa la mizigo wakati wa baridi, na majira ya kuchipua yalipofika hakurudi. Simlaumu, kwani ana watoto wanne, na ghala halisimamishwi na barafu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Meneja wa majengo matatu ya kupangisha, ambayo bustani zake tunazitunza, amenipa mkataba wa kuondoa theluji kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 15 Aprili. Malipo ni dola 18,000 kwa msimu mzima, yakigawanywa katika mafungu sita ya kila mwezi, theluji ianguke isianguke. Kila inapofika inchi mbili natakiwa niwe nimesafisha maegesho kwa plau, yaani bamba la kusukumia theluji, na vijia vya miguu kwa mashine ya kurusha theluji kabla ya saa moja asubuhi, kisha nimwage chumvi. Kwa upande wa muda hana makosa, kwa sababu sheria ya jiji la Minneapolis humpa mwenye nyumba ya familia moja au mbili saa 24 za kusafisha kijia cha mbele yake baada ya theluji kukoma, lakini majengo ya kupangisha na ya biashara hupewa muda wa saa nne tu za mchana. Maana yake ni kwamba mimi na shemeji tutakuwa tunaamka saa nane za usiku, na baridi huku nje ikiweza kushuka chini ya nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri.

Nimeupiga hesabu mkataba huu kwa namna nyingi, na naziweka hapa wazi ili anisahihishe anayejua zaidi. Bima ya ziada itanigharimu dola 3,400, kwa sababu wakala wangu amenionyesha kwamba bima ya bustani niliyo nayo haigusi kabisa shughuli za theluji. Plau jipya la kufunga mbele ya pikapu nimeambiwa ni dola 8,200, na nikilikopea nitakuwa nalipa kama dola 3,000 kwa msimu. Chumvi, mafuta na mishahara nimevikadiria kuwa dola 8,700 katika mwaka wa kawaida, ambapo eneo hili hupata theluji ya inchi 51 hivi. Hapo nabakiwa na dola 2,900. Lakini huku hakuna mwaka ambao umetuahidi kuwa wa kawaida. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 zilianguka zaidi ya inchi 90, na msimu uliofuata hazikufika hata inchi 30. Nikichukulia kwamba gharama za kazi hupanda na kushuka sawasawa na theluji, msimu kama ule wa kwanza ungenitia hasara ya dola 3,700 hivi, na ule wa pili ungeniachia faida ya dola 6,600. Kwa lugha nyingine, meneja ananiomba nibebe mimi bahati nasibu ya mawingu, yeye bajeti yake ikae palepale. Nilimwomba anilipe kwa kila safari ya kusafisha, akakataa kwa hoja hiyohiyo ya bajeti.

Tena naomba msomaji azingatie kwamba mishahara iliyomo ndani ya hesabu hiyo ni ya saa chache chache za usiku, na mtu hawezi kulishia familia. Basi hata nikitia saini, bado nitakuwa sijawa na uhakika wa kumzuia yule kijana wa Bukavu asifuate nyayo za mwenzake.

Kinachoninyima usingizi zaidi ya hesabu ni kifungu kimoja kilichomo ukurasa wa tatu, kinachosema kwamba mkandarasi atamkinga mwenye mali dhidi ya madai yote yatokanayo na mtu kuteleza na kuanguka. Asiyefanya kazi hii anaweza kuona kwamba ukishaondoa theluji umemaliza. Sivyo. Ukilundika theluji upande wa juu wa maegesho, mchana jua linaiyeyusha kidogo, maji yanatiririka na kuvuka njia ya wapita kwa miguu, na usiku yanaganda na kuwa utando wa barafu usioonekana, unaofanana na lami iliyolowa. Huo ndio unaovunja nyonga za wazee, nao hutokea siku ambayo hakuna hata chembe ya theluji iliyoanguka na wala mkataba haunitaki niende. Katika jengo moja kati ya yale matatu, nafasi pekee ya kulundika theluji iko huko juu, karibu kabisa na mlango. Nilimwomba meneja tuandike kwamba nitawajibika kwa uzembe wangu mwenyewe tu, akanijibu kwamba maneno hayo yameandikwa na mwanasheria wa mwenye majengo na yeye hana mamlaka ya kuyabadilisha. Rafiki yangu aliyeko Chicago ananiambia kwamba jimbo la Illinois lina sheria inayovibana vifungu vya namna hiyo katika mikataba ya theluji, lakini mimi siko Illinois.

Halafu kuna chumvi. Mimi ni mtu wa mimea, na nyasi za majengo hayo nilizipanda kwa mikono yangu. Kila majira ya kuchipua ninaona kando ya vijia mstari wa nyasi zilizokauka na kuwa rangi ya kahawia, upana wa mkono mmoja, na nikiukwaruza udongo wake naukuta umeshikamana kama udongo wa kufinyangia. Hiyo ni kazi ya chumvi. Idara ya jimbo inayoshughulikia uchafuzi wa mazingira hufundisha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi hutosha kuharibu galoni tano za maji moja kwa moja, kwa kuwa kloraidi iliyomo ndani ya chumvi ikishaingia ziwani hakuna njia rahisi ya kuitoa, nasi tunaishi katika mji unaojivunia maziwa yake. Isitoshe, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi baridi inaposhuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, hali ambayo mwezi wa Januari ni ya usiku mwingi. Hata hivyo mkataba unataka imwagwe kila safari, bila kujali kipimajoto kinasemaje, kwa sababu wapangaji wakiiona chumvi huamini kwamba kazi imefanyika. Nimejiandikisha katika mafunzo ya idara hiyo ya kutumia chumvi kwa kiasi, nikitumaini kwamba cheti chake kitanipa nguvu ya kubishana.

Nyumbani mawazo yamegawanyika. Mke wangu anasema niuache mkataba, nifunge ghala, nikafanye kazi ya msimu katika kiwanda mpaka Machi, maana mshahara wa huko ni wa uhakika na hakuna atakayenishtaki kwa kuteleza. Shemeji anasema kwamba nikiukataa, meneja atampata mtu mwenye plau, na mtu huyo atachukua na bustani pia ifikapo Mei. Wote wawili wana hoja, na la shemeji linaniuma zaidi, kwa kuwa majengo hayo ndiyo karibu robo ya mapato yangu ya kiangazi.

Mimi mwenyewe nimeanza kuelekea kwenye njia ya katikati, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuiombea ushauri. Nafikiria kumrudia meneja na pendekezo kwamba dola zake 18,000 zibaki vilevile hadi theluji ifike inchi 55 kwa msimu, kwa kipimo kinachotangazwa na idara ya hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul, na kila inchi itakayozidi hapo ilipiwe kando. Kwamba siku zisizo na theluji nitafika kukagua barafu endapo tu atanipigia simu, kwa bei tutakayokubaliana. Na kwamba chumvi itamwagwa kulingana na baridi ya lami. Kila safari nitaandika saa, kiwango cha baridi na picha za kabla na baada, ili ikitokea kesi niwe na cha kusimamia. Plau jipya ningeliacha, ninunue lililotumika, ingawa fundi wa magari ananionya kwamba springi za mbele za pikapu yangu zitahitaji kuongezewa nguvu kwa vyovyote vile.

Upande wa mchana, nataka nimpe kijana wa Bukavu kazi ya kupogoa. Mialoni ya huku haifai kuguswa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa sababu vidonda vibichi huvuta wadudu wanaosambaza kuvu wa ugonjwa wa mnyauko, kwa hiyo majira ya baridi ndio wakati wake salama, na mitufaha nayo hupogolewa baridi inapokaribia kuisha. Miti mikubwa ya kupanda kwa kamba siitaki. Tutafanya ile inayofikiwa kutoka chini, na nitaisajili kampuni yangu kwa idara ya kilimo ya jimbo kama sheria inavyotaka. Kufunga taa za Krismasi juu ya mapaa nimeombwa mara nyingi, na nimekataa, kwani ngazi na barafu havipatani. Badala yake nafikiria kuchora bustani za mwaka unaofuata na kuwapa punguzo dogo wateja watakaolipa sehemu ya fedha Februari, ingawa nachelea kwamba fedha za Februari zitaliwa Februari, na Aprili itanikuta nina deni la kazi bila mtaji wa kuifanyia.

Ninachoomba kwako na kwa wasomaji ni hiki. Je, yupo aliyewahi kupata mkataba wa msimu wenye ukomo wa inchi, na alimshawishi vipi mwenye mali aukubali? Kile kifungu cha kuteleza na kuanguka, kinaweza kupunguzwa makali kwa bima ikiwa maneno yenyewe hayabadiliki, au mtu mwenye kampuni ndogo akikiona afunge faili na aondoke? Fedha za wateja zinazolipwa mapema mnazihifadhi kwa utaratibu gani ili zifike Aprili zikiwa nzima? Na kwa waliokwisha kukataa kazi ya theluji, naomba mnieleze kama kweli mlipoteza na bustani, kwa maana hilo ndilo litakalonipa jibu la kumpelekea shemeji. Meneja anataka jibu kabla mwezi huu wa Septemba haujaisha.

Wako katika kazi,
Mtunza Bustani,
Minnesota, Marekani
(Jina limehifadhiwa)