Hela ya ukuta situmi

Worcester, Massachusetts
Oktoba

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na ile dawa ya kuchua umeipata kwa Mama Neema. Mimi mzima. Kazi ya usiku ipo, baridi imeanza, hayo tuyaache.

Godlisten amenisumbua kwa simu wiki nzima. Anataka milioni sita za ukuta: tofali za bloku, saruji, nondo na hela ya fundi. Anasema Baba Mdogo ameng'oa masale, ile mimea yetu ya mpaka, usiku na kuyapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo, kwa hiyo migomba yote ya kule mferejini sasa anakata yeye. Mama, nilitetemeka kwa hasira. Si ndiye huyu niliyemlipia matibabu ya macho? Kumbe nilimfungua macho aone vizuri vya wenzake.

Lakini hela ya ukuta situmi. Umsomee Godlisten barua hii mpaka mwisho, asiishie hapo akaanza kununa.

Juzi mama mmoja wa kanisani kwetu alinichukua kwenda kutembea msituni. Msitu mnene kweli, hakuna nyumba wala shamba, na katikati ya miti unakuta ukuta wa mawe. Unaupita, mbele unakuta mwingine, umekatisha kona kama ua wa mtu. Mawe yamepangwa makavu, bila udongo wala saruji, urefu unanifika mapajani. Yameota kuvu la kijani, na mwaloni mmoja umepitisha mzizi katikati ya mawe mawili ukayainua. Nikauliza, nani anajenga ukuta msituni? Akacheka. Akasema hapa palikuwa shamba la watu.

Ni hivi. Zamani sana eneo lote hili lilifunikwa na barafu, si hii ya Kibo tunayoiona asubuhi mawingu yakifunguka, bali barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita moja. Ilisaga miamba, ikaburuta mawe, ikayeyuka na kuyaacha ardhini. Wazungu walipokuja wakafyeka misitu walime. Udongo ulipobaki wazi, baridi ikawa inazama chini zaidi kila kipupwe, maji ya ardhini yanaganda na kuyasukuma mawe juu. Mkulima anasafisha shamba mwaka huu, theluji ikiisha anakuta mawe mapya. Aliyabeba kwa sleji ya mbao, kama mkokoteni usio na magurudumu, iliyovutwa na maksai, akayatupa pembeni. Na kwa kuwa miti ya kujengea ua ilikuwa imekwisha, yale mawe ya pembeni ndiyo yakapangwa yakawa ua.

Alinionyesha hata namna ya kuusoma ukuta. Ukiona katikati wamejaza vijiwe vidogo vya kushika kiganjani, ujue palilimwa, maana mkulima wa viazi au mahindi anaokota hata kidogo. Ukiona mawe makubwa matupu, palikuwa malisho, ng'ombe hasumbuliwi na kijiwe. Kondoo nao walichangia: miaka ya 1810 hadi 1840 watu walipagawa na kondoo wa merino kwa ajili ya sufu. Kuna makadirio kwamba kuta za majimbo haya ya New England zilifika maili 240,000. Ukizinyoosha, Mama, zinafika mwezini.

Halafu wakaondoka. Mfereji wa Erie, wa kupitisha mashua kwenda magharibi, ulifunguliwa mwaka 1825, reli ikafuata, vijana wakasikia Ohio kuna udongo mzuri usio na mawe. Wengine wakaenda viwandani. Misonobari ikaota shambani, kisha miti mingine. Ukuta haukumzuia mtu kuondoka.

Sasa Godlisten anisikilize. Mpaka leo, hati nyingi za ardhi huku zinaandika kwamba mpaka unafuata ukuta wa mawe. Waliopanga wameshakufa, shamba limekuwa pori, ila mpimaji akija anauuliza ukuta. Ndiyo maana nasema ukijenga ukuta leo pale masale yalipo sasa, umemsainia Baba Mdogo. Wajukuu zako watakuta bloku na watasema babu yetu alikubali. Na ukijenga pale yalipokuwa, kesho atakuja na nyundo na kesi mtaanza upya.

Kwanza waitwe wazee wa ukoo, aje na Baba Mkubwa, mjumbe awepo. Marehemu Baba alitupitisha sote kwenye ule mpaka, kutoka kwenye mti wa mringaringa mpaka mferejini, na Baba Mdogo mwenyewe alikuwepo ameshika panga. Masale yarudi palepale mbele ya watu. Akikataa, twende baraza la ardhi, nitalipa gharama za kesi bila kunung'unika. Akija na jani la sale kuomba msamaha, mpokeeni. Hela ya macho simdai, ingawa inaniuma.

Sasa la furaha. Nimefaulu mtihani wa leseni ya unesi! Nesi kamili, nina kadi yenye jina langu. Mwambieni yule mwalimu aliyesema nikaolewe tu. Wenzangu wanavyonipongeza, utadhani nimezaa mapacha. Nilijipikia mtori wa ndizi za dukani, ngumu, hazina ladha, nikala hivyo hivyo. Desemba watu wote watapanda nyumbani, na mimi ratiba imeshatoka, niko zamu Krismasi. Mnibakizie hata picha ya mbege.

Ada ya Aika nimetuma Ijumaa kwenye simu yako. Hiyo haihusiani na ukuta, na Godlisten asiiguse.

Mwanao,
Elinsia