Mwanangu, nunua lile jeupe

Mbale, Jumapili jioni

Mama,

Picha za yale magari mawili nimeziona. Umeniandikia kwamba moyo wako uko kwenye lile la kijivu, la otomatiki, kwa kuwa halina usumbufu wa klachi. Kama ungekuwa unabaki Kampala nisingekubishia. Ile jamu ya Jinja Road jioni, kukanyaga na kuachia klachi kila hatua mbili, inachosha goti la kushoto na inakula klachi yenyewe. Lakini kazi umepangiwa Bukwo, na njia ya Bukwo ni ya milima. Nunua lile jeupe la gia za mkono.

Nakueleza sababu, maana sitaki ununue kwa kuwa tu baba amesema.

Mwaka 1997, kabla hujazaliwa, nilikuwa naendesha lori dogo, nashusha mahindi kutoka Kapchorwa kuja hapa Mbale. Madereva wengi tuliamini ukiteremka gia ikiwa fri, yaani hakuna gia iliyoingia, unaokoa mafuta. Siku hiyo nilipita Sipi na magunia 40, nikaweka fri, nikawa nashika breki kila kona. Kona ya nne au ya tano nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikakanyaga tena, pedali ikazama mpaka chini na lori halikupunguza mwendo hata kidogo. Taniboi wangu, yaani utingo, alikwisha fungua mlango aruke. Nikakanyaga klachi, nikaichochea injini, nikaingiza gia ya tatu kwa nguvu, kisha ya pili. Injini ililia mpaka nikadhani itapasuka, lakini lori likaanza kushikika, nikaliingiza kwenye migomba kando ya barabara. Tulikaa pale zaidi ya saa moja magurudumu yakitoa moshi. Taniboi alitaka kuyamwagia maji, nikamkataza, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka.

Kilichotuokoa ni gia. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Joto likizidi, breki hazishiki, na mafuta ya breki yakichemka pedali inakuwa kama unakanyaga hewa. Lakini gari likiwa kwenye gia ya chini na mguu umeutoa kwenye moto, yaani pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo injini inayavuta nyuma. Breki unazigusa tu. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Na yale mambo ya fri kuokoa mafuta, achana nayo. Magari ya siku hizi, ukiteremka kwenye gia bila kukanyaga moto, injini hukatiwa mafuta kabisa. Ukiweka fri ndiyo unayatumia, maana injini lazima iyapate ili isizimike.

Utaniambia otomatiki nalo lina L na 2, zile gia za chini. Ni kweli, na ukilinunua uzitumie. Ila wengi ninaowaona huweka D, ile ya mwendo wa kawaida, tangu nyumbani hadi waendako, hawakumbuki kama zipo. Kwa gia za mkono huwezi kusahau, mkono wako wa kushoto uko pale muda wote.

Jambo la pili ni betri. Ulipokuwa na miaka minne ulishikwa na malaria usiku, gari likakataa kuwaka. Majirani watatu walilisukuma. Nilifungua swichi, nikaweka gia ya pili, nikashikilia klachi. Lilipopata mwendo nikaiachia ghafla, likawaka. Ulikuwa umelala kifuani kwa mama yako kiti cha nyuma. Lingekuwa otomatiki tungelisukuma mpaka asubuhi, haliwaki namna hiyo. Huko uendako utakuwa muuguzi, utaamshwa usiku.

Halafu kuna matope. Barabara kuu si neno, shida ni zile njia za udongo za kuingia vijijini. Mvua ikinyesha, ondoka kwa gia ya pili, taratibu, tairi lisizunguke bure na kujichimbia. Na klachi ikiisha, fundi yeyote wa hapa anaijua. Giabox ya otomatiki ikiharibika huko utalibeba gari kwa lori mpaka mjini.

Unaogopa kuondoka mlimani, najua. Vuta handibreki. Weka gia ya kwanza, ongeza moto kidogo, kisha inua mguu wa kushoto polepole mpaka usikie sauti ya injini inashuka na pua ya gari inajikaza. Hapo klachi imeshika. Tuliza mguu palepale, shusha handibreki, ongeza moto. Halirudi nyuma.

Njoo Jumamosi asubuhi, kabla hujampa mwenye gari hata shilingi. Tutalijaribu kwenye mlima pamoja naye, nisikilize na klachi yake. Vaa viatu vya soli nyembamba.

Baba yako