Barua ya wazi kwa Ami: itazame hii filamu

Shikamoo Ami,

Ulisema barazani kuwa Unguja hakuna mtu asiye na kwao, na wanaolala sokoni Darajani maduka yakishafungwa ni watu wa kuja. Sikukujibu mbele za watu. Nakujibu hapa kwa sababu walioitikia walikuwa wengi.

Tafadhali itazame Time Out of Mind, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Oren Moverman. Ilipita kimya kimya, na mie naona imedhulumiwa. Mchezaji wake ni Richard Gere, yule yule uliyekuwa ukikodi kanda zake. Humu ni George, mtu mzima anayefukuzwa kwenye fleti tupu, akatangatanga New York mpaka akaishia kwenye malazi ya wanaume ya Bellevue.

Usitarajie ngumi wala mbio za magari. Kamera imekaa mbali, mara nyingi nyuma ya kioo, na zogo la mji linamfunika: mpita njia anayezungumza na simu unamsikia vizuri kuliko George mwenyewe. Na Gere alisimama kweli barabarani na kikombe cha kuombea, watu wakampita bila kumtambua. Uso ule, Ami!

Kilichonikaba ni pale anapoulizwa kitambulisho. Hana. Cheti cha kuzaliwa? Hana. Karatasi moja inataka nyengine, na hakuna wa kusema, "Huyu namjua." Nikawafikiria wetu wanaokwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kutaka barua ya kuwatambulisha. Sheha huuliza: wakaa nyumba ya nani? Wewe na mie tunajibu hapo hapo. Mwanamke aliyeachwa, akatoka na begi lake na nduguze wasimpokee, atajibu nini? Na aliyerudi kutoka Bara akakuta mama keshafariki na nyumba ya urithi imeuzwa? Hao wamezaliwa hapa hapa. Wengine watakutajia mpaka chuo walichosomea Kurani na mwalimu aliyewasomesha.

George ana binti, Maggie, mji huo huo. Ana damu yake, Ami, na bado hana pa kulala.

Jumamosi baada ya Isha nitakuja na kompyuta yangu. Kiingereza chake ni cha haraka, nitakufasiria. Halafu tutoke wote mpaka Darajani, tukae na yule kijana wa pembeni ya soko, umuulize wewe mwenyewe ni mtoto wa nani.