Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: ndege ya siku hizi ukiigonga haibonyei

Shikamoo Mheshimiwa Waziri,

Mimi nilikua rampu miaka kadhaa, kupakia na kushusha mizigo ya ndege, sasa hivi nina biashara yangu kwahiyo hakuna wa kunifukuza.

Tangu Dreamliner (Boeing 787) ya kwanza ya Air Tanzania yetu itue Dar Julai 2018 watu wanasifia madirisha, ila mambo yako kwenye ngozi. Karibu nusu ya uzito wa ile ndege ni kompositi, yaani nyuzi za kaboni tabaka juu ya tabaka zikashikwa na resini (kama gundi inayokauka ikawa ngumu), na kwa vile kaboni haipitishi umeme vizuri kama alumini, chini ya rangi wameweka kiwavu chembamba cha shaba, radi ikipiga umeme unatambaa humo unatokea kwingine na abiria wanaendelea na chai yao. Hata mabawa ya zile ndege zetu ndogo zaidi, Airbus A220, ni kompositi, na hizo zinaenda Mwanza, radi za ziwani usiku wenyeji wanazijua.

Sasa sikiliza mheshimiwa. Alumini ukiigonga na kigari cha mizigo inabonyea, hata mlinzi getini anaona. Kompositi inaweza ikarudi kama ilivyokua, rangi haina hata mkwaruzo, kumbe ndani tabaka zimeachana, mpaka fundi aje agongegonge asikilize mlio au apitishe altrasaundi kama ya wajawazito. Kwahiyo anayejua ni dereva peke yake na Mungu wake.

Na dereva atasema? Kwenye kampuni niliyokuepo (jina naliacha) jamaa yetu mmoja aligusa mlango wa mizigo akaripoti mwenyewe, wakamkata mshahara na mwezi haukuisha akawa hana kazi. Baada ya pale wote tukajifunza kunyamaza. Aibu ninayo, ndo maana naandika.

Kiambatisho namba 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka anayeripoti alindwe, ila rampu hakijawahi kufika. Naomba iwe sharti la leseni ya kila kampuni inayohudumia ndege: dereva akisema kabla ndege haijaondoka, mshahara na kazi yake haviguswi, labda awe alikua amelewa. Na pale NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) Mabibo wanakofundisha mafundi wa ndege wapewe vifaa vya kutosha vya kompositi, maana kuziba sio gundi na rangi tu, kile kiwavu nacho lazima kiunganishwe upya bila pengo.

Pia wekeni namba ya simu ya kuripoti inayopokelewa usiku, ndege nyingi zinashushwa na kupakiwa upya usiku na mabosi wamelala.