Tuanze na mizani

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Malimi,

Habari za Shinyanga? Sisi huku wazima, ila joto la wiki hii halina adabu. Nakuandikia kuhusu lile godauni la zamani la pamba kule Misungwi. Kijiji kimekubali tuligeuze makumbusho hai, yale ambayo mgeni anawakuta watu wakifanya kazi za zamani kwa mikono yao, siyo vitu vimefungiwa kwenye kabati la kioo. Sasa tumekwama kwenye mada.

Kikao kilichopita kila mtu alikuja na lake. Mmoja anataka enzi za watemi, mwingine Wajerumani waliojenga boma hapa mwaka 1892, wa tatu sangara. Kuna aliyetaka hata kuzama kwa MV Bukoba. Hilo nililikataa palepale. Waliofiwa mwaka 1996 tunapishana nao sokoni kila siku. Utamvalishaje kijana nguo aigize kufa maji mbele ya mama wa marehemu? Ngoma na viti vya watemi, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora wanavyo tayari, kazi aliyoianzisha Padri David Clement. Mtu akitaka kuviona vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana msimu wa sikukuu ya Bulabo, anajua njia ya Kisesa. Na Kijiji cha Makumbusho pale Dar kina nyumba za makabila mengi tangu miaka ya sitini. Sisi tuna godauni moja na mizani iliyoshika kutu.

Mimi nasema mizani hiyo ndiyo mada yenyewe. Siku moja tu ya msimu wa kuuza pamba, miaka ya hamsini.

Mgeni akifika asipewe kipeperushi, apewe mkeka na lundo la pamba. Akae chini na kina mama achambue: safi huku, fifi, yaani ile chafu ya daraja la pili, kule. Atoe majani makavu, atoe zile zilizotiwa madoa na wadudu, mpaka vidole vianze kukwaruzika na maganda. Nilimwona shangazi akifanya kazi hiyo huku anapiga soga. Mkono unajua wenyewe, macho yako kwa anayeongea naye. Halafu mgeni abebe mzigo wake hadi dirishani, karani aupime, amsomee ratili pungufu, na kuandika kwenye kitabu kabla hajauliza. Hapo ndipo ataelewa kwa nini wakulima wa Kanda ya Ziwa walijiunga, kwa nini Paul Bomani, kiongozi wa ushirika, alisikilizwa alipozunguka vijijini, na kwa nini mwaka 1955 ilizaliwa Victoria Federation, chama kikuu chao cha ushirika. Ukimwelezea kwa bango atasoma mistari miwili aende kununua soda.

Skansen, makumbusho ya wazi ya Stockholm kule Sweden, iliyofunguliwa mwaka 1891, ilianza kwa wazo la namna hiyo: wakahamisha nyumba za wakulima, wakaweka na watu wa kufanya kazi mle. Lakini wao wana kilima kizima, kwa hiyo wanaweza kuchanganya karne. Sisi tukichanganya tutakuwa maonyesho ya Nane Nane.

Ubishi mkubwa ni nani atakaa dirishani. Wanunuzi wengi wa wakati ule na wenye jineri, viwanda vya kutenga pamba na mbegu, walikuwa Wahindi, na wajukuu wao ni majirani zetu hapa mjini. Kuna kijana kwenye kamati tayari anafanya mazoezi ya lafudhi, watu wanacheka. Sitaki. Yule mnunuzi alikuwa pia na duka, akikopesha jembe na kaniki mpaka mavuno; tukimfanya kichekesho tutakuwa hatujaeleza chochote kuhusu deni lilivyomfunga mkulima. Aliyeshika mizani naye mara nyingi alikuwa mtu wetu wenyewe.

Na hadithi isiishie 1955 kwa vigelegele. Wazee wanasema mshale uliendelea kucheza hata mizani ilipokuwa ya ushirika, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote. Kwa hiyo nataka madirisha mawili, la mnunuzi na la ushirika, na mgeni apimiwe mzigo uleule kote kuwili. Mwenyekiti anaogopa tutawaudhi watu wa ushirika. Waudhike kidogo, watazoea.

Nyuma ya godauni kuna kama nusu eka, tutapanda pamba yenyewe. Ila shamba halina subira ya mgeni: anayekuja Februari atakuta palizi, na akitaka kuona kuvuna aje kuanzia Juni. Mmoja aliuliza kama tunaweza kuacha miti ya pamba isimame mwaka mzima ili wageni wapige picha. Nikamwambia bwana shamba atatukamata wote! Masalia lazima yang'olewe na kuchomwa, la sivyo funza wanahamia msimu unaofuata. Hata huo moto ni sehemu ya maonyesho, ukiniuliza mimi.

Sasa shida yangu kwako. Wewe ni fundi wa mizani. Hii yetu ni ya mkono mrefu wa chuma wenye alama za ratili, jiwe lake la kusogeza halipo. Nimekuwekea picha mbili humu. Je, unaweza kuchonga jiwe jingine, na kuifanya isome sawasawa kwanza, kisha utuonyeshe ilivyokuwa ikichezewa? Niambie gharama bila kunionea haya. Kamati inakaa tena mwisho wa mwezi, na nataka niende na bei mkononi.

Msalimie sana mama.

Ni mimi nduguyo,
Masanja