Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: sisi tulikuwa tunatembea tu

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Uganda, habari za kazi. Mimi ni mama muuza nyanya hapa soko la Kalerwe, Kampala, barabara ya Gayaza, miaka mingi sasa. Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi yako ndio ilitufungia.

Unakumbuka Aprili 2011? Mafuta yamepanda, sukari imepanda, posho, yaani unga wa mahindi, imepanda, uchaguzi umeisha juzi tu halafu tunasikia serikali inanunua ndege za vita za Sukhoi kwa zaidi ya dola milioni 700, sasa mtu akajiuliza nauli ya taksi naitoa wapi, si nitembee tu. Ndio ikaanza ile Walk to Work tarehe 11, ya kile kikundi cha wanaharakati, Activists for Change. Jumatatu na Alhamisi unatembea kwenda kazini, basi! Kizza Besigye, yule kiongozi wa upinzani, alikuwa anatoka kwake Kasangati kwa barabara yetu hii hii, lakini wengine tulikuwa tunatembea hata kabla yake maana mfukoni hakuna kitu.

Mimi nilitembea na watu nisiowajua kabisa, fundi viatu, mwalimu, kijana wa boda anasukuma pikipiki imekauka mafuta, na tunaongea bei tu njia nzima. Hukuulizwa kadi ya chama.

Halafu mabomu ya machozi. Yakaingia mpaka sokoni, nikakimbia nikaacha mzigo chini, kurudi nyanya zote zimekanyagwa na hela ya aliyeniletea sijalipa. Masaka mtoto wa miaka 2 akapigwa risasi akafa, mtoto mheshimiwa. Tarehe 28 Besigye akapuliziwa pilipili machoni akiwa ndani ya gari, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na kesho yake Kampala ikachafuka. Aliporudi 12 Mei watu walijaa barabara ya Entebbe, siku ile ile rais anaapishwa Kololo.

Kwangu mimi pale ndio Walk to Work ilifika juu na pale pale ikaanza kushuka, kwa sababu ikawa habari ya Besigye na polisi, posho hakuna anayeitaja tena. Hilo ni kosa la viongozi wetu na nalisema wazi. Na mama akikosa mauzo Jumatatu akakosa na Alhamisi, wiki ya tatu anabaki kwenye meza yake, watoto watakula nini? Lakini msifikiri tulitulia kwa sababu tulishiba, Oktoba mwaka ule ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 30.

Aprili 2012 aliyekaa kwenye kiti chako, Peter Nyombi, akatangaza kikundi kile ni haramu. Kutembea haramu! Wakabadilisha jina lakini watu walikuwa wameshachoka na kuogopa.

Katiba kifungu cha 29 inaturuhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 8 cha ile sheria ya mikutano ya 2013, kile cha polisi kuzuia watu kukutana. Sasa mbona Julai 2024 vijana waliotaka kufika Bungeni kusema ufisadi walikamatwa?

Kama tangazo la 2012 bado lipo, lifute, na ufute hadharani, redioni, kwa Luganda na Kiswahili tusikie wote huku sokoni. Na uwaandikie polisi kwamba mtu anayetembea hajavunja sheria. Binti yangu ana miaka 19 na ananiuliza kama akienda na wenzake atarudi nyumbani, nataka jibu la kumpa.

Mama wa nyanya, Kalerwe